Safu ya Hakika

Alhamisi hiyo Mabuti aliingia ofisini bila mabuti, na hapo hapo Mhakiki akajua kuna jambo. Kwa miaka miwili mtu huyu alikuwa akileta fomu zake amevaa mabuti ya mpira ya kufika magotini, tope likimdondoka sakafuni kutoka mlangoni mpaka mezani, hadi mfagiaji akampa jina hilo na jina likamganda. Leo alivaa viatu vya ngozi. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikononi, na nywele bado zilikuwa na maji.

"Umefiwa?" Mhakiki alimuuliza bila kuinua kalamu.

"Nimefufuka," Mabuti akajibu, akaweka bahasha mezani.

Kazi ya Mhakiki ilikuwa kuwatoa watu jasho kwa upole. Ramani iliyobandikwa nyuma yake ilikuwa imegawanywa miraba, na kila mraba ulikuwa na mtu wake, anayezunguka na darubini kuangalia ni ndege gani wanazaliana pale. Watu hao walileta fomu, yeye akazikagua. Alitaka manyoya yaelezwe kuanzia paji la uso hadi ncha ya mkia. Alitaka makazi yaelezwe pia: majani gani, maji ya kina gani, kiota kimefungwa kwenye nini. Aliyeandika "ndege mdogo, kahawia, anapendeza" alirudishiwa fomu yake siku hiyo hiyo, na chini yake swali moja kwa wino wa bluu: Anapendeza vipi?

Fomu ilikuwa na safu tatu. Ndege akisikika anaimba mahali panapomfaa, aliwekwa kwenye safu ya kwanza, iliyoitwa Huenda. Dume na jike wakionekana pamoja zaidi ya wiki moja, safu ya pili, Yaelekea. Safu ya tatu ilikuwa Hakika. Hiyo haikujazwa kwa maneno matamu. Ilitaka kiota chenye mayai au makinda, kionekane kwa macho, na ikiwezekana kipigwe picha.

Kazi ikikaa sana mwilini huwa ugonjwa, na Mhakiki alikuwa amekwisha kumpanga Mabuti mwenyewe kwenye safu hizo. Msimu wa kwanza alikuwa akipita chini ya dirisha lake akipiga mluzi: Huenda. Msimu wa pili wakawa wanakula pamoja kantini, meza ya pembeni karibu na sinki, mpaka wapishi wakazoea kupakua sahani mbili bila kuulizwa: Yaelekea. Alimpenda. Hilo alilikubali peke yake bila makelele, kama mtu anavyokubali kwamba ana homa. Iliyobaki tupu ni safu ya tatu, na ufunguo wake ulikuwa kwa mama yake mkubwa.

Huyo ndiye aliyemlea. Mama aliyemzaa Mhakiki alimwacha kwa dada yake akiwa na miezi minne, akaaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na tangu hapo hakuonekana tena. Mama mkubwa hakuwahi kumsema vibaya mdogo wake. Ila alibaki na chuki moja ambayo haikumtoka: hakutaka kabisa watu wa kwenda na kurudi.

"Mtu wa msimu simtaki," alikuwa amemwambia Mhakiki mwezi uliopita, akikunja nguo. "Leo yuko bwawani, kesho yuko milimani. Akipata kazi ya kukaa mahali pamoja, alete wazee wake tuzungumze. Asipopata, wale wageni wa Jumapili nitawapa jibu, na jibu unalijua."

Wageni wa Jumapili walikuwa watu wa Mfamasia, jirani wa mtaa wa pili, wanaokuja kumposa. Mfamasia alikuwa kijana wa watu, mpole, mwenye duka safi na kucha safi. Mhakiki alimtafuta kasoro kwa wiki tatu asiipate, isipokuwa hiyo moja kwamba hakuwa Mabuti.

Na kazi ya kukaa mahali pamoja ilikuwepo, moja tu. Kando ya bwawa kilikuwa kinafunguliwa kituo cha kumlinda shoro wa matete, ndege ambaye hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba bado anazaliana upande huu. Yule ambaye mraba wake ungetoa kiota cha kwanza ndiye angepewa kituo. Fomu zilikuwa zinafungwa kesho, Ijumaa. Asipopatikana shoro, mkataba wa Mabuti ulikuwa unakwisha, na miraba iliyokuwa ikimsubiri ilikuwa ya milimani, safari ya siku mbili, kwa miaka mitatu.

"Mraba wa kumi na tisa," Mabuti alisema, akavuta kiti. "Shoro wa matete. Soma mwenyewe, mimi nikisema utaniambia nina haraka."

Mhakiki akasoma. Alisoma taratibu kama siku zote. Shoro ni ndege wa kumtesa mtu. Wako wa aina nne, wote wadogo, wote rangi ya udongo mkavu mgongoni na ya maziwa yaliyotiwa maji tumboni, na ukiwaweka mezani sambamba hata mtaalamu hukuna kichwa. Wanatambulika zaidi kwa pale wanapojenga. Mmoja hujenga vichakani, mwingine kwenye nyasi za ukingoni. Yule wa matete hujenga juu ya maji yaliyosimama, wala hakubali mahali pengine.

Mabuti alikuwa ameandika: Mgongo kahawia isiyo na michirizi. Kiuno kina wekundu kidogo. Unyusi mweupe mfupi, unaishia kwenye jicho. Miguu ya kijivu. Matete mabichi, maji ya kiunoni kwangu. Kiota ni kikombe kirefu, kimefungwa kwenye mashina manne, kiganja kimoja juu ya maji. Mzazi akilisha kinda wake, mara kumi na tisa katika saa moja.

"Umeandika vizuri," Mhakiki alisema.

"Nilikuwa na mwalimu mkali."

"Maji ya kiunoni? Ulisimama humo muda gani?"

"Saa tatu. Ruba walinila mpaka wakashiba wakaanza kuitana." Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua likawa jambo lingine. "Nilikuwa nakuwaza wewe na Jumapili. Nikamwona anatua na kiwavi mdomoni. Nikasema basi, nimepona."

Walitazamana. Haukuwa muda mrefu, lakini Mhakiki alikuwa mtu wa vipimo, na alijua ulikuwa mrefu kuliko kawaida yao. Akayaondoa macho, akafungua bahasha, akatoa picha.

Ilikuwa picha nzuri. Matete yalisimama wima, kiota kilikaa pale pale alipokieleza, na shoro alikuwa amejivuta ukingoni, shingo imenyooka, kiwavi mdomoni. Ndani ya kiota kulikuwa na kinda mmoja aliyefungua kinywa. Mhakiki alianza kutabasamu. Halafu akaacha, akavuta droo, akatoa kioo cha kukuzia.

"Makinda walikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Shoro hutaga mayai mangapi?"

"Matatu. Wengine labda walichukuliwa na nyoka, bwawa lile lina nyoka kama..." Mabuti akakiona kioo. "Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kinywa chake kina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na kinda wa shoro?"

Mhakiki akamsogezea picha na kioo juu yake. "Angalia ulimi. Kinda wa shoro ana vidoa viwili vyeusi kwenye ulimi. Wewe ndiye uliyenionyesha, mwaka jana, kwenye makabati ya ndege waliokaushwa."

Mabuti akainama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuona ulimi. Kinda yule alikijaza kiota chote, mabega yamefurika nje ya ukingo, na ukimtazama vizuri alikuwa mkubwa kuliko aliyekuwa akimlisha.

"Kekeo," alisema hatimaye.

Kekeo ni ndege asiyejenga. Jike wake huvizia mwenye kiota akiwa ametoka, hutaga yai moja, huondoka. Kinda wake akianguliwa huwasukuma wenzake nje mmoja mmoja kwa mgongo, hubaki peke yake, na mwenye nyumba humlisha.

"Nimetazama ndege miaka kumi na moja," Mabuti alisema. "Nilifurahi kumwona anayelisha, nikasahau kumtazama anayelishwa."

"Hutokea."

"Kwangu haijawahi kutokea." Akakirudisha kioo mezani. Kisha, bila kumtazama: "Na kama usingetoa hicho kioo?"

"Nimekitoa."

"Fomu inakwenda kwa Mzee wa Makabati kuwekwa sahihi ya pili. Mzee haoni karibu. Nani mwingine atauangalia ulimi wa ndege?"

"Mimi," Mhakiki alisema. "Mimi nimeuangalia."

Aliumia, na hakuficha. Hakuumia kwa sababu ya fomu. Aliumia kwa sababu kwa nusu dakika na yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo, ameona mhuri ukishuka, ameona Jumapili ikipita bila wageni, na wazo hilo lilikuwa tamu sana. Mabuti alijipangusa uso kwa viganja.

"Samahani," alisema. "Nimesema upuuzi. Kata."

"Nitakata."

"Kata basi, niende nikafungashe. Milimani kuna baridi, nitahitaji soksi."

Mhakiki akashika kalamu, akaiweka juu ya maneno *mzazi akilisha kinda wake*. Mkono haukwenda. Alikuwa amekata maelfu ya mistari ya watu kwenye meza hii, wengine wazee wa kumzaa, na hakuwahi kuona kalamu nzito.

Mlango ukagongwa mara mbili, ukafunguliwa bila kusubiri. Mtu pekee aliyegonga hivyo alikuwa mama mkubwa. Aliingia na mkoba wake mkubwa na mfuko wa kitambaa, amevaa viatu vya kutembelea mjini.

"Fundi anatusubiri," alimwambia Mhakiki. "Kasema tusipofika kabla ya saa tisa gauni la Jumapili haliwahi." Ndipo akamwona Mabuti.

Mabuti alikuwa amesimama tayari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamkagua kuanzia viatu kupanda juu, kama anayesoma lebo ya dawa. "Hujambo?"

"Sijambo, mama. Habari za nyumbani?"

"Za nyumbani ziko nyumbani."

Akakaa kwenye kiti alichoachiwa, mkoba mapajani. Chumba kilikuwa kidogo kwa watu watatu. Nyuma ya ukuta mwembamba Mzee wa Makabati alisikika akivuta droo zake za ndege waliokaushwa, akizisukuma, akizivuta tena. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kustahimili ukimya wa watu wengine. Akaiona picha, akaichukua.

"Ndiyo hiyo mnayolilia?"

"Hakuna anayelia, mama," Mhakiki alisema.

"Nimekufuta pua tangu huna meno. Najua unavyolia." Akaisogeza picha mbali na macho, kisha karibu. "Huyu mdogo ndiye mtoto?"

"Hapana, mama," Mabuti alijibu. "Huyo mdogo ndiye anayelisha. Mkubwa ndiye kinda." Angeweza kuishia hapo. Akaendelea: "Si kinda wake. Ni wa ndege mwingine. Alikuja akataga, akaondoka."

"Akaondoka wapi?"

"Hatujui. Hawarudi."

Mhakiki aliinamisha macho kwenye fomu. Hakuna aliyekuwa amepanga maneno hayo, wala hakuna ambaye angeweza kuyarudisha. Mama mkubwa aliendelea kuitazama picha.

"Na huyu mdogo anajua?"

"Hatujui kama anajua."

"Lakini analisha."

"Tangu alfajiri. Nilihesabu. Mara kumi na tisa kwa saa, na kila mara anaanza kutafuta upya."

"Kiota kajenga nani?"

"Yeye."

"Huyu jitu hakukijenga?"

"Kekeo hajengi maisha yake yote, mama."

"Basi mnabishana nini?"

Mabuti alimtazama Mhakiki. Mhakiki akaeleza, kwa sauti ile anayowaeleza watu wa miraba. Fomu inasema mzazi akilisha kinda wake. Kinda si wake. Kwa hiyo maneno si ya kweli, na maneno yasiyo ya kweli hayaingii kwenye safu ya Hakika.

Mama mkubwa aliweka picha mezani, akainyoosha kwa kidole mpaka ikawa sambamba na ukingo.

"Fomu zako za shule," alisema. "Unazikumbuka? Darasa la kwanza mpaka chuo. Pale chini palikuwa pameandikwa mzazi au mlezi, halafu kata lisilohusika."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakata mlezi."

Droo ya nyuma ya ukuta ikaacha kuvutwa.

"Kila mwaka," mama mkubwa alisema. "Fomu ya chanjo, fomu ya mtihani, ile ya hosteli. Nilikata kwa rula ili ionekane. Kuna mwalimu aliyezirudisha?"

"Hapana," Mhakiki alisema.

"Kuna aliyekuja na kioo kukutazama mdomoni?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Mhakiki alikaa akiitazama fomu mpaka mistari ikaanza kuelea, na safari hii hata yeye hakuweza kusema halii. Alipopangusa macho akafungua kitabu cha kanuni, kile kile alichokuwa akiwafungulia wengine kila siku. Kanuni ya kumi na moja ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote: *Kiota kilichojengwa na ndege husika na kinachotumika, chenye mayai au makinda, hata yakiwa ya ndege mwingine aliyetagia humo.* Ilitosha. Shoro alikuwa amejenga juu ya maji yaliyosimama, kwenye mashina manne, na alikuwa analea. Mabuti alisahau kumtazama anayelishwa. Naye Mhakiki alipomwona anayelishwa, alikisahau kiota.

Akakata maneno ya Mabuti kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: *Kiota kinatumika. Kinda ni wa kekeo. Kanuni ya 11.* Kisha akafunika kalamu.

"Weka sahihi basi," Mabuti alisema.

"Siweki. Fomu ya mtu wa karibu siruhusiwi kuiwekea sahihi. Mzee!"

Mzee wa Makabati alitokea mlangoni haraka mno kwa mtu aliyedai hasikii vizuri. Alikuwa na manyoya mawili kwenye sweta na miwani juu ya kichwa. Akaisoma fomu akiwa ameishika mbali, akaitazama picha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kanuni ya kumi na moja. Sawa kabisa. Nitaweka mimi sahihi zote mbili," alisema. "Ila na wewe ujaze kisanduku chako. Mkaguzi asipoweka sahihi, anaandika sababu."

Kisanduku kilikuwa chembamba, kama cha kuandikia tarehe. Wakaguzi wengine waliandika ndugu, au jirani, au tulisoma pamoja. Mhakiki alifungua kalamu tena. Aliandika neno moja kwa wino wa bluu, kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima, akamgeuzia Mzee fomu.

Mzee akaishusha miwani kutoka kichwani. Akasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyosoma kila kitu. "Nampenda."

Mabuti akakitafuta kiti, akakumbuka kimekaliwa, akaegemea kabati. Mama mkubwa alimtazama binti yake, akamtazama yule mtu aliyeegemea kabati, kisha akaitazama fomu ikigongwa mhuri.

"Hiyo ikipita," aliuliza, "huyu anabaki?"

"Anabaki, mama. Kituo kiko bwawani. Nyumba ya kituo ina vyumba viwili."

"Kwa hiyo nimempa kazi mimi."

"Umempa, mama."

"Mngeniambia kabla sijafungua mdomo." Akainuka, akaning'iniza mkoba begani, akachukua mfuko wa kitambaa. Mlangoni akageuka kwa Mabuti. "Wale watu wa Jumapili nitawapigia simu wasihangaike. Wewe na wazee wako mje saa nne. Saa nne yangu ni saa nne."

"Tutafika, mama."

"Na uvae mabuti yako. Kwa viatu hivyo sikukujua, nami nataka nimjue ninayempa mtoto wangu."

Kwenye ngazi walishuka taratibu kwa sababu ya magoti ya mama mkubwa. Walipofika nusu, alisimama kupumua.

"Alisema anarudi Ijumaa," alisema. Mhakiki hakuuliza nani. "Nikakuogesha, nikakuvalisha gauni la njano, tukakaa barazani."

"Ijumaa ya lini?"

"Hilo ndilo sikumuuliza." Akatazama ngazi zilizobaki. "Ile fomu ya darasa la kwanza ilikuja nikiwa bado nakuvalisha vizuri kila Ijumaa. Baada ya kuijaza nikaacha."

Mhakiki alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la pili, na wakashuka pamoja kwenda kwa fundi kuchukua lile gauni, kwa sababu Jumapili bado lingehitajika.